Ule mama wa filamu za Kihindi: Supriya Pathak na ukoo wake wa jukwaani

Swali limetoka kwa dada mmoja wa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Nimelifupisha kidogo:

«Papa mwalimu, nyumbani tunatazama sana filamu za Kihindi kwenye simu, na kila mara namkuta mama mmoja. Katika Ram-Leela anamkata mtoto wake mwenyewe kidole. Kwingine ni mke mvivu anayetuchekesha mpaka machozi. Kwingine tena ni mjane aliyekaa kimya nyumbani kwenye kilio. Kaka yangu anabisha kwamba hao ni watu watatu tofauti. Ule mama ni nani? Nimesikia anatoka katika ukoo wa waigizaji. Ndio waliomtafutia nafasi? Nauliza kwa sababu mama yangu pia aliigiza zamani, na mimi sasa niko katika kundi la mtaa. Nina miaka 24, na kila mchezo napewa mama mkwe au bibi kizee. Nikubali tu?»

Kaka yako ameshindwa ubishi. Ni mtu mmoja, anaitwa Supriya Pathak, alizaliwa tarehe 7 Januari 1961 na kukulia Mumbai, upande wa Dadar. Kaka yako asione haya lakini, maana kazi yote ya mama huyu imekuwa hiyo: kutotambulika. Nyota wa filamu unamlipia kiingilio ili umwone yeye. Supriya unamkuta umeshaingia, na mara nyingi unatoka bila kulijua jina lake.

Umeuliza kuhusu ukoo, basi nianze na mama yake, Dina Pathak, kwa sababu bila huyo mengine hayaeleweki. Dina alizaliwa Amreli, jimbo la Gujarat, tarehe 4 Machi 1922. Alikuwa bado msichana wakati Wahindi wakipigania kuwaondoa Waingereza, na yeye akaingia katika mapambano hayo kwa njia ya michezo ya kuigiza. Alikuwa pamoja na dada yake Shanta Gandhi katika IPTA, chama cha watu wa teatre kilichoanzishwa mwaka 1943, kilichoamini kwamba mchezo upelekwe waliko watu, kiwandani na kijijini, badala ya kungoja watu waje ukumbini. Silaha yao Wagujarati ilikuwa bhavai. Huo ni mchezo wa kijiji wa karne nyingi: hauna pazia, watu wanazunguka uwanja, usiku unakwenda mpaka kunakaribia kupambazuka, na tarumbeta ndefu ya shaba iitwayo bhungal inalia kuwaita majirani. Desturi yake ilitaka hata wanawake waigizwe na wanaume. Dina na wenzake wakaingia humo wanawake kwa miili yao, wakaanza kumsema mkoloni katikati ya nyimbo na vichekesho. Miaka ya 1950 mchezo wao wa mtindo huo, Mena Gurjari, ukawa maarufu hata ukachezwa mbele ya Rais Rajendra Prasad mwaka 1957.

Watu wa Lubumbashi hawana haja ya kuelezwa sana hapa. Kundi la Mufwankolo, lile la teatre ya Kiswahili ya hapa mjini, lilifanya kazi kwa namna inayokaribiana na hiyo: wanakubaliana hadithi, kila mmoja anajua anaingia lini na anamkuta nani, halafu maneno yenyewe yanazaliwa katika mazoezi, kwa Kiswahili cha hapa mjini ambacho mama wa sokoni anakielewa. Mtafiti Johannes Fabian aliwafuatilia mwaka 1986 katika matayarisho ya mchezo mmoja akaandika kitabu kizima juu yake. Wakati huo tulikuwa na jengo la teatre la fahari pale mjini, lililojengwa miaka ya 1950, ambalo siku hizi wabunge wa mkoa ndio wanaolijua vizuri zaidi. (Sisemi kwamba hawaigizi.) Lakini teatre ya Kiswahili haikulihitaji jengo lile ili iishi.

Mwigizaji aliyelelewa katika kazi ya namna hiyo ana tabia moja ambayo shule haiifundishi kirahisi: hahesabu mistari yake. Leo ni malkia, kesho anashika taa, keshokutwa anashona nguo za wenzake. Na kushona kwenyewe kulikuwa nyumbani kwao, kwa sababu baba yake Supriya, Baldev Pathak, alikuwa fundi wa nguo mwenye duka karibu na Gateway of India, lile lango kubwa la Mumbai, akiwashonea waigizaji kama Dilip Kumar na Rajesh Khanna. Kwa hiyo unaposikia «ukoo wa waigizaji» usifikirie jumba lenye walinzi. Fikiria nyumba yenye sindano, mazoezi, na mama ambaye jioni hayupo.

Dina mwenyewe aliigiza filamu ya Kigujarati mwaka 1948 akarudi zake jukwaani, na sinema haikumwona tena sawasawa mpaka mwaka 1966, katika Uski Kahani. Alikuwa na miaka 44. Kuanzia hapo akawa mama, shangazi na bibi wa sinema nzima ya Kihindi: Mausam, Gol Maal, Khubsoorat, A Passage to India ya David Lean. Shikilia hiyo 44, tutairudia.

Binti wawili. Mkubwa, Ratna, alisomea Shule ya Taifa ya Drama huko Delhi na mwaka 1982 akaolewa na Naseeruddin Shah, ambaye bila shaka umemwona. Mdogo, Supriya, hakuonekana kuielekea sinema hata kidogo. Alisomea ngoma ya bharatanatyam mpaka akapata shahada. Ngoma ile, dada, si miguu peke yake. Macho yana mazoezi yake, nyusi zina yake, shingo ina yake, na kila kidole kinajua mahali pake. Ukitaka kuelewa kwa nini Supriya anaweza kukaa kwenye kiti dakika mbili bila neno na wewe usiondoe macho kwake, jibu linaanzia huko.

Jukwaani alianza na mama yake, walipoufufua ule mchezo wa Mena Gurjari. Lakini mlango wa sinema ulifunguliwa kwingine. Alikuwa akicheza komedi ya Molière iliyotiwa Kihindi, chini ya mwongozaji Dinesh Thakur, katika ukumbi wa Prithvi, Mumbai. Ukumbi huo ulikuwa umefunguliwa mwaka 1978 na mwigizaji Shashi Kapoor na mkewe Jennifer Kendal. Jennifer naye alikuwa mtoto wa jukwaani, baba yake akizunguka India nzima na kundi la kuigiza michezo ya Shakespeare. Akamwona msichana yule, akampendekeza kwa mwongozaji Shyam Benegal, aliyekuwa akitayarisha Kalyug, hadithi ya Mahabharata, ule utenzi wa kale wa Wahindi, iliyohamishiwa katika familia mbili za wenye viwanda. Filamu ikatoka mwaka 1981, Supriya akacheza Subhadra, na akapata tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike ya Filmfare, tuzo kubwa ya sinema ya Kihindi. Filamu ya kwanza, tuzo ya kwanza.

Ya pili ikaja upesi, kwa Bazaar ya mwaka 1982, na hapa ningependa ukae kidogo. Ni hadithi ya Hyderabad: familia maskini zinaozesha mabinti zao kwa wanaume watu wazima waliorudi na fedha kutoka nchi za Ghuba. Supriya ni Shabnam, msichana anayependana na kijana mnyonge mwenye haya, lakini anauzwa kwa mwingine. Smita Patil ndiye mwenye jina kubwa katika filamu ile, na ndiye anayebeba hoja yake. Supriya hana hoja anayoibeba. Ana aibu, ana kicheko anachokizuia kwa mkono, ana macho yanayomtafuta kijana halafu yanakimbia. Mwongozaji anamwachia wimbo mzima wa kutazamana tu, na yeye haongezi kitu. Mwishoni anapokufa, aliyekufa ni mtu uliyemfahamu, si mfano wa maskini. Sinema nyingi za kutetea wanyonge zinashindwa hapo hapo: zinaleta mnyonge bila kuleta mtu.

Mwaka huohuo wa 1982 yuko katika Gandhi ya Richard Attenborough, ni Manu, mmoja wa wasichana waliokuwa wakimsaidia mzee. Mama yake mdogo Tarla Mehta yumo pia, akiwa Sarojini Naidu. Mwaka 1983 ikaja Masoom, ambamo ni mwanamke aliyezaa na mume wa mtu, na huyo mume wa mtu ni Naseeruddin, shemeji yake wa kweli. Anaonekana kwa muda mfupi, katika kumbukumbu tu, na hadithi yote inasimama juu ya mfupi huo. Halafu akaingia televisheni na dada yake katika Idhar Udhar, mwaka 1985.

Kuna filamu moja ambayo ukoo wote umo: Mirch Masala ya Ketan Mehta, ya miaka hiyo ya katikati ya 1980. Zamani za ukoloni, mtoza kodi anaingia kijijini na askari wake, anamtaka mwanamke aitwaye Sonbai. Sonbai anakimbilia kiwanda cha kusaga pilipili, mlinzi mzee anafunga lango, na kijiji kizima kinamwambia atoke ili kisalimike. Uwanja umejaa pilipili nyekundu iliyoanikwa, na mwisho wa mtoza kodi unatokana na hiyo pilipili, sitakuambia zaidi. Dina yumo, Ratna yumo, Supriya yumo, na mtesaji mwenyewe ni Naseeruddin. Hakuna kati ya wanawake hao watatu aliye kichwa cha filamu. Kichwa ni Smita Patil. Nimeona koo za sinema ambazo zikikusanyika filamu moja kila mtu anadai picha yake kubwa kwenye tangazo. Hawa walikwenda wakawa wanakijiji.

Sasa miaka ambayo wengi wanaipita haraka. Ndoa ya kwanza, aliyoingia akiwa mdogo, ilivunjika. Mwaka 1988 akaolewa na Pankaj Kapur, mwigizaji mkali wa jukwaani na wa televisheni, ambaye tayari alikuwa na mtoto wa ndoa ya kwanza, Shahid Kapoor, ndiye huyohuyo Shahid unayemfahamu. Wakazaa Sanah na Ruhaan. Miaka ya 1990 Supriya alionekana kidogo sana kwenye filamu. Alilea. Mwigizaji mwenye tuzo mbili kabla hajafika miaka 25, na soko likamsahau. Sinema ya Kihindi wakati huo haikuwa na cha kumpa mwanamke wa miaka 30 na kitu asiyetaka kuzunguka mti akiimba. Alikuwa mkubwa mno kwa nafasi za mapenzi na mdogo mno kwa nafasi za mama.

Alirudi kwa kichekesho. Khichdi ilianza kwenye televisheni mwaka 2002, mwaka ambao Dina alifariki, tarehe 11 Oktoba. Huyo ndiye mke mvivu unayemcheka. Hansa hapiki chai, haoshi kikombe, haokoti kitu kilichoanguka, lakini amejipamba asubuhi mpaka usiku kama anakwenda harusini, na kila mgeni anamkaribisha chakula ambacho yeye hatakipika kamwe. Akisikia neno la Kiingereza anamgeukia mumewe Praful amweleze, na Praful anatoa maelezo ya uongo kwa uhakika kamili, na Hansa anaridhika. Kitu cha kujifunza ni kwamba Supriya hamcheki Hansa. Haonyeshi hata mara moja kwamba yeye Supriya ana akili kuliko yule. Waigizaji wetu wengi wakipewa mjinga wanamkonyeza mtazamaji: «Mnaona ninavyomfanya?» Ukikonyeza, kichekesho kimekwisha. Hansa amedumu, filamu mbili zimefuata, ya 2010 na ya 2023. Na watengenezaji walewale ndio waliompa dada yake Ratna yule mama wa kitajiri mwenye madaha katika Sarabhai vs Sarabhai, iliyoanza mwaka 2004. Dada wawili, nyumba moja ya utayarishaji, mmoja ni wa matope, mwingine wa marashi, na hadi leo Wahindi wanabishana nani zaidi. Mimi niko upande wa Hansa.

Tufike kwenye umri, maana hapa ndipo swali lako. Mwaka 2005 filamu ya Sarkar ilimfanya mke wa Amitabh Bachchan. Alikuwa na miaka 44, umri uleule ambao mama yake aliingia nao sinema kwa mara ya pili. Bachchan alikuwa amevuka 60. Mtoto wake mkubwa katika hadithi alichezwa na Kay Kay Menon, ambaye amepishana naye miaka 5 tu. Supriya hakujizeesha kwa mgongo wa kupinda wala sauti ya kutetemeka. Katika nyumba ya jambazi mkubwa ambamo kila mwanaume anasema kwa sauti ya chini yenye vitisho, yeye alikuwa mtu pekee anayejua nani hajala.

Baada ya hapo akina mama walimiminika. Ninayempenda zaidi ni wa Wake Up Sid, 2009. Mama ana mtoto wa kiume aliyesoma, anayeishi kwa mzaha, na anataka kuwa rafiki yake. Basi anajitahidi kuzungumza naye Kiingereza, kilichovunjika, kwa tabasamu la kuomba. Kijana anaona aibu, siku moja anamkaripia. Tazama uso wa Supriya pale: tabasamu halifutiki mara moja, linakaa sekunde moja zaidi kuliko inavyostahili, kwa sababu mama bado hajaamini. Nani hapa Lubumbashi hamjui mama huyo? Yuko komini ya Kenya, yuko Ruashi, amemsomesha mtoto mpaka chuo kikuu, na sasa anamwambia «ça va, chéri?» mbele ya rafiki zake, na mtoto anatazama chini. Mwandishi wa filamu alikuwa Mumbai, lakini mama ni wetu.

Kisha Ram-Leela, 2013, Romeo na Juliet ya Sanjay Leela Bhansali iliyowekwa Gujarat, nchi ya Dina. Supriya ni Dhankor Baa, mkuu wa ukoo wa wauza bunduki. Tuzo ya tatu ya Filmfare ilitoka hapo, zaidi ya miaka 30 baada ya filamu yake ya kwanza. Wengi wanakumbuka kidole. Mimi nakumbuka kwamba hapandishi sauti. Walinzi wanapiga kelele, ngoma zinapiga, rangi zinakupofusha, na yeye amekaa na macho yaliyopakwa wanja, anaongea kama mtu anayeulizia bei ya chumvi. Hapo ndipo bharatanatyam ililipa deni lake.

Yule mjane wa kimya ni wa Ramprasad Ki Tehrvi, iliyoingia kumbini Januari 2021. Mwongozaji, Seema Pahwa, naye ni mwigizaji, na mwaka uliofuata Sanah aliolewa na mtoto wake, kwa hiyo ukoo umeongezeka. Mzee amekufa (Naseeruddin tena, anakufa mapema), watoto wamejaa nyumbani kwa siku 13 za matanga. Utakitambua kilio hicho: nani alale wapi, nani hakuchangia, wakwe wanasengenyana jikoni, wanaume wanahesabu deni aliloacha marehemu. Mjane yuko katikati na hakuna anayemwuliza lolote isipokuwa kama amekula. Anapotoa neno, watu wanaendelea kuongea. Supriya haombi huruma yako. Anakaa tu akiwatazama watoto aliowazaa kama watu waliokosea mlango.

Umeuliza kama ukoo ndio uliomtafutia nafasi. Tusidanganyane, jina lilisaidia. Wale watu wa sinema ya Mumbai isiyo ya biashara walikuwa wachache na wanajuana kwa majina ya utoto. Lakini Dina hakuwa na nafasi za kugawa, yeye mwenyewe alikuwa akisubiri simu. Alichokuwa nacho ni jukwaa la kumpandisha mtoto mapema, aanguke mbele ya watu 50 kabla hajaanguka mbele ya milioni. Na urithi mwingine ulikuja wenyewe: Khubsoorat ya mwaka 1980 ilipotengenezwa upya mwaka 2014, yule mama mkali mwenye kanuni, aliyechezwa na Dina, safari hii alichezwa na Ratna.

Kuhusu mama mkwe wako: kubali, ila kwa masharti. Mwulize mwongozaji huyo mama mkwe anafanya nini kwa mikono wakati wengine wanaongea. Anachambua sombe? Anahesabu pesa ya likelemba, ule mchango wa zamu? Anasikiliza simu ya mwanawe kwa pembeni? Akikosa jibu, mletee wewe. Usijipake unga kichwani, usiuige mkongojo wa bibi yako. Watazamaji wa Katuba wanawajua bibi kizee kuliko wewe. Na mara moja kwa mwaka dai nafasi ya umri wako, kwa nguvu, hata ikibidi ukatafute kundi jingine. Supriya alikuwa msichana katika Bazaar kabla ya kuwa mama wa mtu yeyote. Kundi linalokuzeesha ukiwa na miaka 24 kwa sababu tu unajua kutulia jukwaani linakutumia, na wewe unayo haki ya kuliambia hivyo.

Kama megabaiti zako haziruhusu zote, anza na Bazaar na Ramprasad Ki Tehrvi, moja usiku huu na nyingine kesho. Zimepishana karibu miaka 40. Kwa mama yako mtafutie Gol Maal ya mwaka 1979. Humo Dina Pathak ni mwanamke wa mjini anayeombwa ajifanye mama wa kijana asiyemjua, ili tu kijana asifukuzwe kazi, na bosi anapokuja ghafla kumtembelea huyo «mama», inambidi Dina, kwa sari yake nzuri na heshima zake zote, aingie nyumbani kwa dirisha la jikoni.